Ini la mtoto likiugua, mzani wa kliniki hautoshi

Ugonjwa wa ini kwa mtoto mdogo una tabia ya kujificha. Mtoto ana macho ya njano, lakini ananyonya, anacheka, na kilo zake kliniki zinapanda. Mama anaambiwa amwanike juani asubuhi, manjano yataisha yenyewe. Ikifika mwezi wa tano au wa sita tumbo limekuwa kubwa, mikono imekonda, na bado mzani unasema mtoto anakua.

Mzani huo haujaharibika. Umepima maji yaliyojaa tumboni, ini lililovimba na bandama iliyotanuka, ukavijumlisha na mtoto mwenyewe. Nyama na mafuta ya mwili, ambavyo ndivyo akiba yake ya kupambana na ugonjwa, vimekwisha bila kadi ya kliniki kuonyesha chochote.

Kwa sababu hiyo, madaktari wa ini la watoto hutumia vipimo kadhaa kwa pamoja. Wanatafuta majibu ya maswali mawili: ugonjwa umefikia wapi, na mtoto anahitaji nini leo. Maswali hayo yanafanana kwa mbali, lakini namba inayojibu la kwanza mara nyingi haijibu la pili. Makala ya leo inaeleza vipimo hivyo, kila kimoja kinaonyesha nini, na mzazi anaweza kuuliza nini akiwa mbele ya daktari.

Kazi tatu za ini zinazopimwa

Ini lina kazi nyingi mwilini, lakini zipo tatu zinazosaidia zaidi kujua kama limechoka.

Ya kwanza ni kuondoa bilirubini. Hii ni taka ya rangi ya njano inayotokana na chembe nyekundu za damu zinapokufa. Ini huichukua, huibadilisha, kisha huimwaga kwenye nyongo, nayo hutoka na choo. Ndiyo inayokipa choo rangi yake. Njia hiyo ikiziba au ini likichoka, bilirubini hubaki kwenye damu na macho yanakuwa ya njano.

Ya pili ni kutengeneza albumini, protini inayosaidia maji yabaki ndani ya mishipa ya damu. Albumini ikishuka, maji huvuja na kujaa tumboni na miguuni.

Ya tatu ni kutengeneza protini za kugandisha damu. Kipimo chake kwenye karatasi ya majibu huandikwa INR. Kwa mtu mwenye afya ambaye hatumii dawa za kuzuia damu kuganda, namba hiyo huwa karibu na 1. Inavyozidi kupanda ndivyo damu inavyochelewa kuganda.

Vipimo vingine ambavyo wazazi huvisikia sana, yaani vimeng'enya vya ini vinavyoandikwa ALT na AST, vinaonyesha kama chembe za ini zinaumia kwa sasa. Havisemi ini lililobaki lina nguvu kiasi gani. Mtoto ambaye ini lake limegeuka kovu anaweza kuwa na ALT isiyotisha kabisa.

Wiki mbili za kwanza ndizo zenye uzito

Watoto wengi wachanga hupata manjano katika siku za mwanzo. Hutokana na bilirubini ambayo bado haijapita kwenye ini, kwa kuwa ini lenyewe ni changa. Kwa kawaida hupungua ndani ya wiki mbili. Ikiwa kali, mtoto huwekwa chini ya taa maalumu hospitali, kwa sababu bilirubini ya aina hiyo ikizidi sana inaweza kuharibu ubongo.

Manjano yakipita siku 14, swali linabadilika. Hapo mtoto anahitaji kipimo cha damu kinachotenganisha bilirubini iliyokwisha kupita kwenye ini na ile ambayo haijapita. Iliyokwisha kupita huitwa bilirubini ya moja kwa moja, na maabara nyingi huiandika D.BIL. Ikizidi miligramu 1 kwa desilita, au mikromoli 17 kwa lita kwa maabara zinazotumia kizio hicho, lazima sababu itafutwe haraka. Maana yake ini limefanya kazi yake ya kuibadilisha, lakini haitoki.

Jua na taa ya hospitali hupunguza ile aina ya kwanza tu. Kwa mtoto ambaye mirija ya nyongo imeziba, kumwanika juani hakumsaidii, na kila wiki inayopita ni wiki ya kovu jipya kwenye ini.

Ugonjwa huu wa mirija ya nyongo kuziba ndio unaoongoza duniani kwa kusababisha watoto wapandikizwe ini. Ulaya humpata takriban mtoto mmoja kati ya 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa. Taiwan humpata mmoja kati ya 5,000 hadi 6,000. Mirija iliyo nje ya ini huziba na kugeuka kovu, nyongo hurudi nyuma, na ini huanza kuharibika. Bila matibabu, watoto wengi hawafiki miaka miwili.

Upasuaji upo. Daktari Mjapani Morio Kasai aliueleza mwaka 1959, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Mirija iliyoziba huondolewa, kisha kipande cha utumbo huunganishwa moja kwa moja na ini ili nyongo ipate njia. Matokeo huwa mazuri zaidi ukifanyika kabla ya siku 60 za maisha. Baada ya siku 90 nafasi hupungua sana. Kwa hiyo umri wa mtoto kwa siku, siku anayofika kwa daktari wa upasuaji, nao ni kipimo.

Kipimo kingine cha wiki hizo hakihitaji maabara: rangi ya choo. Choo cha mtoto mchanga anayenyonya ni cha njano ya haradali, kijani au kahawia. Choo kilichopauka kama chokaa, majivu au udongo wa mfinyanzi kinaonyesha kuwa nyongo haifiki kwenye utumbo. Mkojo nao huwa wa rangi ya chai, wakati mkojo wa mtoto mchanga kwa kawaida hautii nepi rangi. Mwaka 2004 Taiwan ilianza kutumia nchi nzima kadi yenye picha za rangi za choo, ikawekwa kwenye kitabu cha afya cha kila mtoto, na idadi ya wanaofanyiwa upasuaji kabla ya siku 60 ikapanda. Japani nayo iliingiza kadi ya aina hiyo kwenye kitabu cha mama na mtoto mwaka 2012. Mzazi asiye na kadi anaweza kuangalia nepi mchana nje ya nyumba, si kwa mwanga wa taa, na kupiga picha ya kumwonyesha muuguzi.

Alama inayoitwa PELD

Mtoto ambaye ini lake limeharibika sana hupimwa kwa alama. Inayojulikana zaidi kwa watoto inaitwa PELD, ilianza kutumika Marekani Februari 2002, na sasa hutumika kwa watoto wa chini ya miaka 12. Vijana wa miaka 12 na kuendelea hutumia alama ya watu wazima, MELD.

Sababu ya kuitengeneza ilikuwa haki. Viungo vinavyotolewa na waliofariki ni vichache kuliko wagonjwa wanaovisubiri. Kabla ya hapo, muda ambao mgonjwa amekaa kwenye foleni ulikuwa na uzito mkubwa, hata kama aliyekuja baadaye alikuwa mahututi zaidi. Alama ikaletwa ili kukadiria nani yuko hatarini zaidi kufariki ndani ya miezi mitatu bila kupandikizwa, huyo atangulie.

Kanuni ya awali ina vitu vitano: bilirubini, INR, albumini, umri wa chini ya mwaka mmoja, na kudorora kwa ukuaji, yaani uzito au urefu kuwa chini sana ya wenzake wa umri huo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtoto wa miezi saba ana bilirubini ya 12, INR ya 1.5 na albumini ya 2.5. Kwa kuwa hajafikisha mwaka, anaongezewa alama 4.36. Ukipiga hesabu unapata karibu 18. Mtoto huyohuyo akiwa pia amedorora kwa ukuaji, anaongezewa alama 6.67 na kufika karibu 24.

Ongezeko hilo la mwisho ni kubwa kuliko linavyoonekana. Ili bilirubini iongeze alama karibu sawa na hizo, inabidi ipande mara nne, kwa mfano kutoka 5 hadi 20. Kwa maneno mengine, wataalamu walipochunguza kumbukumbu za watoto waliokuwa wakisubiri ini, waliona kuwa kutokukua kwa mtoto kunatabiri hatari kama vile damu yenyewe inavyotabiri. Mzazi anayehangaika na rangi ya macho na kusahau lishe anaangalia nusu tu ya hesabu.

Hapa ndipo mzani unapoleta shida ya pili. Kudorora kwa ukuaji huangaliwa kwa uzito au urefu. Mtoto mwenye lita moja ya maji tumboni ana kilo moja isiyo yake. Huenda uzito ukasomeka kuwa wa kawaida na akakosa alama anazostahili, hali amekonda kuliko mwenzake asiye na maji.

Julai 2023 Marekani ilirekebisha kanuni hiyo. Kipimo cha figo, kreatinini, kiliongezwa. Umri na ukuaji navyo sasa huhesabiwa kwa viwango, badala ya jibu la ndiyo au hapana. Marekebisho hayo yalifuata miaka mingi ya malalamiko kuwa alama ya zamani ilikuwa inaonyesha hatari ya watoto kuwa ndogo kuliko ilivyo, kiasi kwamba madaktari wengi walilazimika kuwaombea wagonjwa wao alama za nyongeza.

Kile ambacho alama haikioni

Hata kanuni iliyorekebishwa haigusi mambo kadhaa yanayomtesa mtoto au kumuua.

Haina nafasi ya maji tumboni. Haina nafasi ya maambukizi ya mirija ya nyongo, ambayo humpata mtoto aliyefanyiwa upasuaji wa Kasai na kumletea homa na manjano mapya. Haihesabu kutapika damu, ingawa hiyo inaweza kuwa dharura ya saa moja.

Kutapika damu kunahitaji maelezo. Ini likiwa na kovu, damu kutoka kwenye utumbo hushindwa kupita, presha hupanda kwenye mishipa hiyo, nayo hutafuta njia za pembeni kwenye umio. Mishipa ya umio huvimba, na inaweza kupasuka.

Kwa Afrika Mashariki mfano ulio karibu nasi ni kichocho cha matumbo, kinachopatikana kwenye maeneo ya Ziwa Victoria na maziwa mengine. Mayai ya minyoo hukwama kwenye ini na kutengeneza kovu kuzunguka mishipa ya damu. Chembe za ini zenyewe mara nyingi hubaki zinafanya kazi. Mtoto mkubwa wa aina hii anaweza kuwa na bilirubini ya kawaida, albumini nzuri na INR isiyotisha. Ukimpigia hesabu ya PELD anapata alama ndogo sana. Lakini bandama yake imefika kitovuni na siku moja anatapika damu beseni zima.

Kwa mtoto huyo, kipimo chenye maana ni mkono wa daktari unaotafuta bandama, kipimo cha ultrasound, hesabu ya chembe sahani za damu ambazo hupungua bandama ikikua, na kamera ya kuangalia umio ili mishipa iliyovimba ifungwe kabla haijapasuka. Alama ndogo ya PELD haimaanishi kuwa anahitaji huduma kidogo.

Kuwashwa mwili ni jambo jingine. Nyongo inayorudi kwenye damu huleta mwasho usiokwisha kwa kukuna. Mtoto halali, na mama halali. Madaktari hupima mwasho kwa ngazi: hajikuni, anajikuna mara chache, anajikuna sana bila ngozi kuchubuka, ngozi ina michubuko, ngozi imechanika na kutoa damu. Ngazi ya mwisho inatosha kumfanya mtoto asikue wala asijifunze, ingawa haiongezi hata nukta moja kwenye PELD. Zipo dawa za kuupunguza, na mzazi anayekaa kimya akidhani ni upele wa kawaida humnyima mtoto dawa hizo.

Utepe wa mkononi

Njia rahisi ya kuvuka udanganyifu wa mzani ni utepe wa kupima mzingo wa mkono wa juu, ule wenye rangi nyekundu, njano na kijani ambao wahudumu wa afya ya jamii huutumia kutafuta utapiamlo. Maji ya ugonjwa wa ini hujaa zaidi tumboni na miguuni. Mkono wa juu hubaki ukionyesha nyama na mafuta ya kweli.

Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, mzingo wa chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali. Kati ya 11.5 na 12.5 ni utapiamlo wa kadiri. Kwa mtoto mwenye ugonjwa wa ini, mwelekeo wa namba una maana kuliko rangi ya siku moja. Mkono uliokuwa sentimita 13.2 mwezi uliopita na leo ni 12.7 bado uko kwenye kijani, lakini umeshuka nusu sentimita wakati huohuo kilo zikipanda. Hiyo ni dalili kuwa kinachoongezeka ni maji.

Mwombe muuguzi apime mkono uleule kila mara, katikati ya bega na kiwiko, ukiwa umelegea. Pamoja na mkono, pimeni mzingo wa tumbo usawa wa kitovu. Tumbo likipanda na mkono ukishuka, usisubiri tarehe ya kliniki ijayo.

Chakula ni sehemu ya matibabu

Ini bovu linamfanya mtoto ahitaji chakula zaidi, wakati tumbo lililojaa linampa nafasi ndogo ya kula. Watoto wenye nyongo iliyoziba huhitaji nishati hadi asilimia 130 au hata 150 ya mtoto wa kawaida wa umri wao. Ndiyo maana mtoto anayeonekana anakula kama wenzake bado anakonda.

Mafuta ya kawaida huhitaji nyongo ili yasagwe. Nyongo isipofika kwenye utumbo, mafuta hutoka na choo, na vitamini zinazosafiri nayo, yaani A, D, E na K, hupotea. Ukosefu wa vitamini D huleta matege na mifupa inayovunjika kirahisi. Yapo mafuta ya mnyororo wa kati ambayo hufyonzwa bila kutegemea sana nyongo, na maziwa maalumu ya hospitali hutengenezwa kwa mafuta hayo. Daktari au mtaalamu wa lishe ndiye anayepanga kiasi, pamoja na vitamini za nyongeza.

Kuna imani kwamba mgonjwa wa ini asile mayai, nyama, samaki wala maziwa. Kwa mtoto imani hiyo ina madhara. Protini anaihitaji ili akue, na haipunguzwi ila daktari akiona ubongo umeanza kuathirika, tena kwa muda mfupi. Uji mzito uliotiwa maziwa na yai, milo midogo mingi, na mlo wa usiku kabla ya kulala humsaidia zaidi kuliko sahani moja kubwa ya mchana. Anayeshindwa kula vya kutosha huwekewa mpira wa puani ili alishwe polepole usiku. Wazazi wengi huuogopa mpira huo wakidhani ni dalili ya kifo. Kazi yake ni kumpa chakula ambacho tumbo lililobanwa haliwezi kukipokea kwa mkupuo.

Mahindi na karanga zilizoota ukungu zisiingie kabisa kwenye chakula chake, kwa kuwa sumukuvu hushambulia ini.

Damu isipoganda, kwanza sindano ya vitamini K

INR ikiwa juu, yapo maelezo mawili. Labda ini limeshindwa kutengeneza protini za kugandisha damu. Au labda ini bado linaweza, ila limekosa vitamini K kwa sababu nyongo haifiki kwenye utumbo. Tofauti ya hali hizo ni kubwa, na namna ya kuzitenganisha ni rahisi. Mtoto hudungwa sindano ya vitamini K, kisha INR hupimwa tena baada ya saa kadhaa. Ikishuka, tatizo lilikuwa vitamini. Ikibaki juu, ini lenyewe limezidiwa.

Kwa mtoto ambaye ini limeshindwa ghafla, labda kwa virusi, kwa sumu au kwa dawa iliyozidishwa, kipimo hiki ndicho hutangulia vyote. INR ya 2 au zaidi isiyoshuka kwa vitamini K, au ya 1.5 kwa mtoto aliyeanza kuchanganyikiwa au kusinzia kupita kiasi, ni hali ya mahututi. Hapo muda huhesabiwa kwa saa.

Jambo hili linagusa pia mila zetu. Mtoto mwenye macho ya njano baada ya wiki mbili asitahiriwe, asikatwe kilimi wala asichanjwe chale kabla daktari hajathibitisha kuwa damu yake inaganda. Wapo watoto ambao ugonjwa wa ini hugundulika kwa mara ya kwanza kwa sababu kidonda kidogo kimekataa kukauka. Wengine huvujia damu kwenye ubongo.

Nani apandikizwe, na lini

Mgonjwa wa kwanza duniani kupandikizwa ini alikuwa mtoto wa miaka mitatu mwenye mirija ya nyongo iliyoziba. Thomas Starzl alimfanyia upasuaji huko Denver, Marekani, mwaka 1963, na mtoto akafariki mezani kwa kutokwa na damu. Leo katika vituo vikubwa zaidi ya watoto 90 kati ya 100 huwa hai mwaka mmoja baada ya kupandikizwa.

Kwa familia nyingi za Afrika Mashariki, kupandikizwa ini kumekuwa na maana ya safari ya nje, mara nyingi India. Huko mtoaji huwa ndugu aliye hai, mara nyingi mama au baba. Mtoto mdogo huhitaji kipande cha kushoto tu, takriban robo ya ini la mtu mzima au pungufu, na ini la mtoaji hukua tena.

Hali hiyo inabadilisha matumizi ya alama. Mtoto mwenye mzazi wa kumtolea hashindani na mtu kwenye foleni. Alama inamsaidia daktari kuchagua wakati: akiwahi mno, anamwingiza mtoto kwenye dawa za kupunguza kinga za maisha yote kabla hazijahitajika. Akichelewa, mtoto anafika mezani akiwa amekonda, ana maambukizi, na nafasi yake ya kupona imepungua. Kwa familia inayohitaji miezi ya kuchangisha fedha, kupata rufaa, kufanya pasi za kusafiria na kupima kundi la damu la mtoaji, swali la "tuanze lini kujiandaa" linapaswa kuulizwa mapema, wakati alama bado ni ndogo. Chanjo zote nazo zikamilishwe kabla, kwa kuwa chanjo zenye vijidudu hai, kama ya surua, kwa kawaida hazitolewi mara mtoto akishaanza dawa za kupunguza kinga.

Daftari la mzazi

Daktari humwona mtoto dakika chache kwa mwezi. Mzazi humwona kila siku. Daftari dogo lenye tarehe humsaidia kuliko maelezo ya kukumbuka. Andika rangi ya choo na mkojo, mzingo wa mkono na wa tumbo, kiasi anachokula au kunyonya, usiku aliokosa usingizi kwa kujikuna, siku za homa, na majibu ya maabara pamoja na vizio vyake. Bilirubini ya 12 kwa miligramu ni sawa na takriban 205 kwa mikromoli, na wazazi wengi wameshtuka bure, au wamefurahi bure, kwa kulinganisha namba za maabara mbili tofauti.

Ukiwa mbele ya daktari, uliza haya: D.BIL yake ni ngapi? INR ilipimwa kabla au baada ya vitamini K? Ukiondoa maji, mtoto wangu anakua? Bandama imekua kiasi gani, na umio umeangaliwa? Kama atahitaji ini jipya, tuanze maandalizi lini?

Usisubiri kliniki bali nenda hospitali mara moja mtoto akitapika damu, akitoa choo cheusi kama lami, akiwa na homa hali alishafanyiwa upasuaji wa nyongo, tumbo likijaa ghafla au likimuuma, akisinzia mchana na kukesha usiku tofauti na kawaida yake, au damu ikikataa kukauka hata kwenye tundu la sindano.

Na kwa mama aliye na mtoto mchanga nyumbani: siku ya 15 mtoe mwangani, angalia weupe wa macho yake, kisha ifunue nepi uangalie choo. Macho yakiwa ya njano, au choo kikiwa kimepauka, mpeleke siku hiyohiyo na uombe kipimo cha D.BIL kwa jina lake.